Nyota Aliyopewa Nkuba

Sura ya Tano

Kwa mara ya tatu asubuhi ile Nkuba alikiri kumwua kaka yake, na kwa mara ya tatu Inspekta Ambrosi Kihwele hakumwamini.

Polisi hampendi mtu wa namna hii, tusidanganyane. Polisi amezoea mtu anayekana. Anayekana unamzungukia huku na huku, mwisho anachoka na ukweli unamtoka. Lakini huyu anayekuja na kitanzi chake mkononi, akikuomba umsaidie kukivaa, utamzungukia wapi?

"Rudia," Ambrosi alisema. "Mlikuwa wapi?"

"Kivukoni, afande. Pale ng'ombe wanapovukia mto Mbarali."

"Wewe na nani?"

"Mimi na kaka Bujiku. Tunapeleka ng'ombe mnadani. Nikampiga fimbo ya kichwa. Akaanguka majini, nikamwacha."

"Ya kichwa upande gani?"

Kijana alisita, kisha akagusa kisogo. "Huku."

"Mkononi alikuwa ameshika nini?"

"Fimbo yake."

"Na kitu gani kingine?"

"Hakuna kingine."

"Mlikuwa mmegombana?"

"Kaka Bujiku hagombani na mtu," Nkuba alisema, na hapo tu ndipo sauti ilipomkatika. Aligeukia ukuta wa mahabusu.

Ambrosi alitoka nje. Alikuwa Mhehe wa Iringa, mtu mzima wa maneno machache, aliyeletwa Rujewa kutoka ofisi ya upelelezi ya mkoa, Mbeya, kwa sababu kesi ya kuua haiachwi mikononi mwa kituo kidogo. Alimkuta Koplo Yohane, mwenyeji wa kituo, akipangusa matope kwenye kioo cha Landrova. Mvua za mwaka ule wa sabini na saba zilikuwa zimeligeuza bonde zima la Usangu kuwa uji.

"Daktari alisema nini juu ya kichwa cha marehemu?" Ambrosi aliuliza, ingawa jibu alikuwa nalo.

"Hakina hata mchubuko, afande."

"Mapafu?"

"Yamejaa maji."

"Mkono wa kushoto?"

"Alama ya kamba kwenye kifundo. Imekata ngozi mpaka nyama." Koplo aliacha kupangusa. "Lakini mtu amekiri mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako."

"Mwuaji asiyejua kwamba aliyemwua alikuwa na kamba mkononi. Wewe umewahi kumwona?"

Koplo hakuwahi kumwona.

Ambrosi alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Kesho yake asubuhi Nkuba alikuwa apelekwe kwa hakimu. Yale mtuhumiwa anayomwambia polisi anaweza kuyakana mahakamani yasimdhuru. Akishayasema mbele ya hakimu kwa hiari yake, bila pingu wala kofi, yamekuwa jiwe. Na adhabu ya kuua ilikuwa moja tu, ya kunyongwa. Mama yao, Roza, alikuwa amekwisha kumzika mtoto mmoja.

Kitu pekee walichomkuta nacho Nkuba kilikuwa kidude cha bati alichokivaa shingoni kwa uzi mweusi. Kilichorwa mtu mwenye kichwa cha mnyama, pua ndefu imepinda, masikio yamesimama na kukatwa juu kama pembe za meza. Hakuwa mbwa, hakuwa punda. Koplo alikuwa ameapa kwamba hiyo ni alama ya genge la wezi wa ng'ombe, na siku nzima iliyotangulia waliipoteza wakizunguka kwenye mazizi ya watu wakikagua chapa. Hawakupata kitu. Ng'ombe wa akina Bujiku walionekana ng'ambo ya mto wakila mpunga wa wenyewe. Aliyekosekana alikuwa ndama mmoja, naye wavuvi walimkuta chini zaidi amekufa, amekwama kwenye mizizi, shingoni ana kipande cha kamba iliyokatika.

"Washa gari," Ambrosi alisema. "Nataka kujua mtu huyu alikuwa akiishi wapi kabla hajawa mwuaji."

Alikuwa akiishi Igawa, kando ya barabara kuu ya Zambia, kwenye banda la mashine ya kukoboa mpunga ya Vinubhai. Vinubhai alizaliwa Iringa, babu yake akiwa na duka la vitambaa kule, na alizungumza Kiswahili cha watu wa nyanda za juu. Aliwakaribisha kwa chai, akafukuza kuku kwenye benchi, na kabla hawajauliza neno akasema:

"Nkuba hajaua mtu."

"Umejuaje?"

"Siku ya mnada? Siku ile mkanda wa mashine ulikatika. Wapagazi wote wakaondoka kwenda mnadani, wakasema leo hakuna kazi. Yeye peke yake alibaki. Mimi nashona mkanda, yeye ananishikia. Tangu asubuhi mpaka jua linazama, Bwana Inspekta. Mikono yake imejaa grisi. Mke wangu Kanta ndiye aliyempa sabuni. Kesho yake wakaja kumwambia kaka yake amekufa maji."

"Na kituoni hukuja kusema?"

"Nilikuja. Huyu bwana akaniambia Mhindi anamtetea mpagazi wake."

Koplo Yohane aliitazama chai yake kwa bidii.

"Mtu mwenye ng'ombe kwao," Ambrosi aliuliza, "alikuja kubeba magunia kwa nini?"

"Hata mimi nilimwuliza. Akasema, 'Naogopa kukaa na kaka yangu.' Nikadhani kaka yake mkali, anampiga. Kumbe!" Vinubhai alitikisa kichwa. "Huyo kaka kila gulio anakuja hapa na kibuyu cha maziwa. 'Mpe mdogo wangu.' Anasimama pale, anangoja. Na Nkuba anajificha nyuma ya magunia mpaka kaka aondoke. Maziwa hakuyagusa. Tuliyanywa sisi. Siku moja Kanta akamwuliza, 'Wee mtoto, kaka yako amekukosea nini?' Akalia, akasema, 'Hajanikosea. Ndiyo maana najificha.'"

Ambrosi alikitoa kile kidude cha bati. Vinubhai alikigeuza na kumwonyesha kwa kidole. Mgongoni, chini ya kutu, palikuwa na herufi ndogo zilizogongwa kwa msumari: S.L.P. na namba, Mbeya. Siku nzima ya kukagua chapa za ng'ombe, na anwani ilikuwa mgongoni! Ambrosi hakumlaumu mtu, maana hata yeye hakukigeuza.

Mbeya walifika mchana, mlima Loleza ukiwa umejifunika mawingu. Mwenye sanduku lile la posta alikuwa na chumba nyuma ya soko, na juu ya mlango pameandikwa kwa rangi ya dhahabu: PROFESA JOACHIM, NYOTA ZA MTO NILI. Profesa mwenyewe alikuwa mzee mwembamba, suti imepauka, miwani ina kamba. Miaka yake mingi aliimalizia kwenye migodi ya shaba Zambia, na huko, alisema, rafiki mmoja alimwazima magazeti kutoka ng'ambo, akasoma usiku na mchana mpaka akaielewa elimu yenyewe.

Ukutani fundi wa kuchora vibao alikuwa amemchorea miungu. Ra mwenye kichwa cha mwewe. Isisi aliyenyoosha mikono yenye manyoya. Anubisi mbweha. Osirisi mwenye uso wa kijani. Na pembeni, masikio yamesimama, yule wa kwenye bati.

"Huyu ni nani?" Ambrosi alimwuliza.

"Seti. Wazungu siku hizi wanatumia ng'ombe dume, nge, mizani. Hizo nyota za juzi. Za kale ni hizi, za Misri, Afrika yetu. Kila mtu amezaliwa chini ya mmoja wao. Nipe tarehe tu, nakupa mungu wako na mwendo wa maisha yako."

"Unamkumbuka kijana mmoja Msukuma wa Usangu? Nkuba?"

"Majina siulizi. Nyota haitaki jina, inataka tarehe. Lakini kijana wa Usangu namkumbuka, maana niliingiwa na huruma." Joachim alivua miwani. "Alikuja kuuliza kama atapata bahati ya ng'ombe. Nikamtazamia, nikamkuta ni wa Seti. Nikamwuliza, una kaka? Akasema anaye, mmoja. Basi mimi sikuweza kumficha. Seti alimwua kaka yake Osirisi kwa wivu, akamtupa mtoni. Isisi akazunguka kingo za mto akilia, akiutafuta mwili. Nikamwambia kijana, kaa mbali na kaka yako, hasa karibu na maji. Nikampa na kinga avae."

Ambrosi alimkumbuka Roza. Walimwambia kwamba alitembea kando ya Mbarali tangu jioni ya mnada mpaka wavuvi walipomwita. Sauti ikamtoka kali kuliko alivyokusudia.

"Kaka yake amekufa mtoni."

Mzee aliketi. Hakuwa tapeli anayefurahi kwamba utabiri umetimia, na hilo lilimfanya Ambrosi amchukie kidogo na kumhurumia kidogo.

"Basi nyota ilikuwa kweli," Joachim alinong'ona.

"Lisemwalo lipo, afande," Koplo Yohane alisema kwa sauti ya chini, "kama halipo laja." Alikuwa ameukodolea macho ule ukuta tangu walipoingia. "Hebu, mzee. Na mimi nitazamie. Tarehe moja, mwezi wa saba."

Joachim hakuhitaji hata kufikiri. "Julai mosi? Hiyohiyo aliyonipa yule kijana. Na wewe ni wa Seti."

Koplo alirudi nyuma akagonga mlango. "Mimi? Mimi nina kaka wanne!"

Ambrosi aligeuka polepole. "Yohane, hiyo Julai mosi nani alikupa?"

"Nani alinipa vipi, afande? Ni siku yangu ya kuzaliwa."

"Mama yako ndiye alikuambia?"

"Mama alijua kalenda? Ni mwalimu. Siku ya kuandikishwa shule. Alituambia, kila asiyejua siku yake, nampa Julai mosi."

"Na Konstebo Sedekia pale kituoni kazaliwa lini?"

Koplo alifikiri. "Julai mosi."

"Na yule wa zamu ya usiku?"

"Julai mosi, afande. Kila mwaka tunataniana kwamba mama zetu walipatana."

"Basi kituo cha Rujewa kina wauaji wa ndugu wengi kuliko mahabusu," Ambrosi alisema. Hakucheka, wala mwingine hakucheka. Joachim alikuwa akiutazama ukuta wake kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Jioni, kwa njia ya matope, waliufikia mji wa akina Nkuba, pembeni mwa kijiji. Watu walikuwa wamekaa matanga. Roza alitoka, kichwa kimenyolewa kwa msiba, akawasalimu kama ilivyo adabu kabla ya kuuliza kilichowaleta. Ambrosi alipokea salamu zote, akatoa pole, akakaa alipoonyeshwa.

"Mama, wamekuambia alichosema Nkuba?"

"Wameniambia. Mimi nimewanyonyesha wote wawili, baba. Najua nani hapo anaweza kuua."

"Nani?"

"Hakuna."

"Alizaliwa lini?"

Roza alimtazama kana kwamba ameuliza swali la mtoto. "Si nimempa jina? Nkuba ni radi. Alizaliwa mvua ya kupandia, bado tuko kwetu Shinyanga. Radi imepiga mti wa hapo nyumbani, ng'ombe wawili wakafa chini yake, na yeye akatoka. Sisi hatuokoti jina njiani. Na Bujiku ni usiku, kazaliwa usiku, taa haina mafuta."

"Haiwezekani ikawa mwezi wa saba?"

"Mwezi wa saba Usukumani hata umande hakuna. Radi itoke wapi?"

Koplo Yohane alishusha pumzi ndefu. Ambrosi aliuliza swali lake la mwisho, lile aliloogopa jibu lake tangu Igawa.

"Ng'ombe mnawavushaje mto ukijaa?"

"Watu wawili. Mmoja mbele, anaogelea na dume. Mwingine anakaa upande wa chini, maji yanakokwenda, anawazuia ndama. Hao wanangu wanavusha hivyo tangu wadogo." Aliinyoosha kanga mapajani. "Ukiwa peke yako unafanyaje? Unamfunga ndama kamba, unajifunga na wewe mkononi. Ndama akichukuliwa, na wewe umechukuliwa."

Ambrosi alimwomba waende naye kituoni. Roza alichukua kanga nyingine ya kujifunika, akaingia garini.

Nkuba alikuwa ameketi palepale. Alipomwona mama yake alisimama, akaona haya, akajaribu kuficha mikono nyuma kama mtoto aliyeiba sukari.

"Mayu," alisema, kama Wasukuma wanavyomwita mama.

Ambrosi alimwachia Roza aseme kwanza. Akasema yote kwa lugha yao: mvua, mti, ng'ombe wawili. Kisha Ambrosi akaeleza kwa upole, jambo moja moja. Kichwa kisicho na jeraha. Kamba. Mkanda wa mashine na grisi. Walimu wanaowagawia Julai mosi watoto wote wasiojua siku yao, kama yeye alivyogawiwa. Koplo Yohane naye, bila kuulizwa, akasema kwamba na yeye amepewa Seti leo, na kaka zake wanne wako hai wanalima viazi Uporoto.

"Kesho ukifika kwa hakimu, utamwambia ukweli," Ambrosi alimaliza. "Kwamba hukuwepo. Kwa nini ulitudanganya fimbo?"

"Ningewaambia nyota, mngenicheka, afande. Fimbo mnaielewa." Nkuba aliinama. "Waliponiambia kaka kafa mtoni, nilijua ni mimi. Sikujua nimefanyaje, lakini nilijua ni mimi. Nikasema wakinyonga, basi, imekwisha."

"Haikuwa wewe."

"Mimi si wa Seti?"

"Si wa Seti. Wewe ni mtoto wa mama huyu, na umezaliwa kwenye mvua ya kupandia."

Kwa kitambo kidogo uso wa kijana ulifunguka. Koplo aliuona, akatabasamu, akatoa funguo. Ambrosi pia aliuona, na kwa muda huo mfupi alidhani kazi yake imekwisha.

"Afande," Nkuba alisema. "Kama nyota ni ya uongo, mimi nilikuwa nakimbia nini?"

Koplo alishusha mkono wenye funguo.

"Siku moja kabla ya mnada alikuja mashineni. Nilikuwa nyuma ya magunia. Alijua niko pale, maana alizungumza kwa sauti. Akasema, 'Nkuba, kesho navusha ng'ombe na niko peke yangu. Maji yamejaa. Njoo hata kwa kuvuka tu, kisha urudi.' Akangoja. Akarudia tena." Kijana aliinua macho. "Nilimsikia, afande. Nikafikiri nikienda nitamwua. Nikajibana hapo mpaka akaondoka."

"Hukujua," Roza alisema.

"Ningekuwa upande wa chini, mayu. Ningewashika ndama."

"Hukujua, mwanangu."

"Andika kwamba nimemwua," Nkuba alimwambia Ambrosi. "Andika tu. Kesho nitamwambia hakimu hivyohivyo."

"Siwezi kuandika. Sheria haina kosa la namna hiyo."

"Basi ungeniacha na Seti." Machozi yalikuwa yakimtiririka na hakuyafuta. "Hatia tungegawana na Seti. Sasa umeniachia mwenyewe."

Ambrosi alikuwa amefanya kazi ile miaka mingi, na majibu alikuwa nayo ya kila aina, ya wakali na ya waongo na ya wanaojitia wazimu. Alisema, "Pole, mdogo wangu," na neno likaanguka lisisaidie kitu.

Roza aliketi sakafuni kwenye simenti, akamvuta mwanawe, akamlaza kichwa mapajani. Alianza kumwita kwa jina lake, polepole, Nkuba, Nkuba, kama anayemwamsha. Koplo alifungua kitasa na kuusukuma mlango mpaka mwisho. Waliuacha wazi, wakatoka, wakakaa kwenye ngazi za kituo wakingoja. Giza lilipoingia, Nkuba alikuwa bado hajatoka.